Mama Aliyetuoshea Wafu

Mama Muoshaji alizikwa bila kuoshwa. Naanza na hilo, maana nikiliacha mpaka mwisho nitatafuta njia ya kulikwepa, na mimi nimekwepa vya kutosha. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliosha maiti za wanawake Waislamu wa mtaa wetu hapa Kasongo. Alipokufa yeye, kule Wamaza kwa mdogo wake, wanawake waliokuwepo waliogopa kumgusa. Wakafanya tayamamu: wakapiga viganja kwenye udongo mkavu, wakampangusa uso na mikono juu juu, wakafunga sanda, wakaita wanaume wabebe. Si kwamba maji hayakuwepo. Mto uko nyuma ya nyumba, ukikaa barazani unausikia. Mimi simu ilinifikia asubuhi, nikapanda pikipiki saa ileile, lakini daraja la miti lilikuwa limechukuliwa na mvua na tukapoteza saa tatu kutafuta pa kuvukia. Nilipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe mabegani.

Wale wanawake waliogopa kwa sababu ya maneno yaliyotoka mdomoni mwangu. Mimi ni mtu wa maabara katika kituo cha afya cha mtaa. Nachukua damu, natafuta malaria kwenye darubini, nasoma kadi za wajawazito. Mama Muoshaji hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Labo toka siku ya kwanza aliponiona na koti jeupe, na alivyolitamka ungedhani anaita kuku wake. "Ee Labo, leo umenyonya damu ya nani?" angeuliza nikipita, na wanawake waliokaa naye wangecheka, nami ningecheka. Nilimpenda. Mlishike na hilo, ingawa halinisaidii kitu.

Nieleze kwanza habari ya maji. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba kuna ukungu asubuhi, na maji ya pipa yanauma meno. Mama Muoshaji hakuwahi kummwagia maiti maji baridi. Alipoingia kwenye nyumba ya msiba, kabla hata ya kutoa pole, aliuliza, "Moto iko wapi?" Watu wana haraka, kaburi limeshachimbwa, wazee wanakohoa nje makusudi ili asikie, na yeye amekaa kando ya mafiga anangoja sufuria, anachovya kiwiko kama anayepima maji ya kuogesha kichanga. Ukimharakisha alikugeukia. "Mutu iko anaenda safari, unamumwangia baridi mugongoni? Weye unaweza kubali?" Siku moja shehe mmoja alituma mtu ndani kusema muda unakwenda. "Mwambieni shehe aje aoshe yeye," akajibu. Shehe hakuja, bila shaka.

Alizungumza na maiti. Aliwaeleza kila kitu kabla ya kukifanya: sasa nakugeuza mama, upande wa kuume, bismillahi, hapana ogopa, sitakuangusha. Kuume kwanza, kisha kushoto, mara tatu, na kama bado, mara tano; maji ya mwisho yana kafuri. Kile kitambaa cha kutoka kitovuni hadi magotini hakikuondolewa kamwe. Mkono wake ulipita chini yake ukiwa umevingirishwa nguo. Najua haya kwa sababu siku ya mama yangu mimi ndiye niliyeshika birika. Mama alikuwa amelala kitandani miezi mingi na mgongoni alikuwa na kidonda kikubwa, kimeoza, na mimi ndiye niliyekuwa namuuguza. Tulipomgeuza kikaonekana. Niliona haya hata nikashindwa kuinua birika. Mama Muoshaji alikiona, akaniona nilivyo, akakisafisha taratibu, akakiziba kwa pamba, akasema, "Mwanga maji hapa, Labo." Tukaendelea. Neno la kidonda kile hakulisema kwa mtu yeyote, na hata kwangu hakulirudia kwa miaka mingi.

Na yeye alijua mengi, yule mama. Wanawake wa mtaa mzima walipita mikononi mwake. Alijua nani alikuwa anapigwa na mume ambaye kila Ijumaa anakaa safu ya mbele. Alijua nani alikufa na mimba ambayo haikutangazwa. Watu walimchokonoa sana, hasa jamaa wa mbali wenye njaa ya habari. "Eti ni kweli marehemu mwilini alikuwa na…?" Jibu lake lilikuwa lilelile. "Alikuwa na miguu miwili. Nilihesabu." Ukiuliza tena, anakwambia tena kwamba ni miguu miwili.

Sasa msije mkadhani alikuwa mpole. Wee! Upole wake aliuweka kwa maiti, walio hai tukabakiwa na ulimi. Sokoni aliogopwa. Nilimwona ameinua samaki aliyetoka Nyangwe, akamnusa mbele ya watu, akamwambia muuzaji, "Huyu mbona unamuuza? Huyu ni wa kuniletea mimi nimuoshe." Yule mama muuzaji hakusema naye mwezi mzima. Maharusi aliwaambia wamenenepa. Wafiwa wanaolia kwa kujionyesha aliwaambia walie kwa sauti ya chini, maiti hapati usingizi. Chai alikunywa na sukari mpaka kijiko kinasimama. Na mtu huyo aliyekaa na wafu peke yake chumbani bila wasiwasi alikuwa anaogopa chura. Akimwona mmoja kwenye mlango anapiga kelele mtaa wote unatoka.

Jambo lingine, miezi ya baridi alichelewa sala ya alfajiri. Majirani walimsema kwamba anapasha maji ya udhu kama mke wa sultani, na kwamba hata yale maji ya moto ya maiti ni kisingizio, anajipashia mikono yake mwenyewe. Kumbe hapo walikuwa wameona kitu, ila hawakujua wameona nini. Hata mimi niliyesomea sikujua.

Mara ya kwanza kuviona vile vidole ilikuwa kwenye msiba wa mwezi wa saba. Mtu alisogeza beseni la maji yasiyopashwa, Mama Muoshaji akachovya mkono bila kuangalia. Alipoutoa, vidole vitatu vilikuwa vyeupe mpaka pingili ya pili, weupe wa unga wa muhogo, na mpaka wake umekatika wazi kabisa. Akavitia kwapani, vikageuka buluu, kisha vyekundu, akauma meno. Jioni ile mtaa ulikuwa umeshaamua kwamba wafu wameanza kumchukua, na wanamchukulia vidoleni. Alipoambiwa alicheka sana. "Kama wananichukua kwa vidole watachoka. Mimi iko mutu munene."

Lakini haikuishia vidoleni. Mwaka baada ya mwaka mikono ilivimba, ngozi ikakaza ikawa inang'aa, asubuhi hawezi kukamua nguo. Uso ukapata wekundu unaopanda puani na kushuka mashavuni. Nywele zikanyonyoka mabaka mabaka chini ya mtandio. Mdomo ukakauka, bugali haishuki bila maji. Mapaja yakaisha nguvu, akainuka chini kwa kushika ukuta. Akawa anahema akipanda kilima kidogo tu cha kutoka sokoni. Na mimba zikawa zinatoka, mwezi wa nne, mwezi wa tano, moja, ya pili, ya tatu. Kila kitu kilipewa jina lake. Mikono ikaitwa rematizimu, ugonjwa wa viungo, akapewa vidonge vya maumivu. Kifua kikaitwa kifua kikuu, akatema makohozi tukakuta hakuna. Uso ukasemwa ni sabuni za kujichubua, yeye ambaye hakuwahi kuzinunua. Mganga wa upande wa Kabambare akasema kuna maiti mmoja alimwachia mzigo. Hakuna aliyeuliza kama vyote hivyo ni kitu kimoja, na mimi mwenye darubini sikuuliza.

Mimba ya nne ndiyo ilimleta kwenye kadi yangu, zile tatu zilitoka kabla hajaanza kliniki. Kila mjamzito anapimwa kaswende. Ni amri, na ni amri nzuri. Unaweka tone la majimaji ya damu kwenye kadi nyeupe, unatia tone la dawa yenye chembe nyeusi, unazungusha kadi polepole. Zikibaki moshi laini, mtu ni salama. Zikigandana vipande vipande, ana kaswende. Za Mama Muoshaji ziligandana. Nilirudia, zikagandana tena.

Sasa sikilizeni, hili ndilo shina la habari yote. Kadi ile haimtafuti mdudu wa kaswende. Inatafuta kingamwili, askari ambao damu inawatengeneza mdudu akiingia. Na kuna watu ambao damu yao inawatengeneza askari wa aina hiyo bila mdudu wowote, kwa sababu imekosea, imeanza kupigana na mwili wenyewe. Kwa watu hao kadi inagandana vilevile. Ndiyo maana panatakiwa kipimo cha pili cha kuhakikisha, na sisi hatukuwa nacho. Mimi nilifundishwa haya! Daftari langu la shule ya uuguzi bado ninalo. Nimeandika kwa mkono wangu, "Kadi hudanganya: malaria, mimba, lupus." Liliulizwa kwenye mtihani, nikaliandika, nikapata alama zote. Kisha nikaja kukaa kwenye dirisha la maabara, mgonjwa mwenyewe akaja akanyoosha mkono wake mweupe mbele yangu, na sikukumbuka hata herufi.

"Labo, mimi sijawahi," aliniambia dirishani. "Toka ndoa yangu, mwanaume ni mumoja. Naapa."

"Mama, kadi haina chuki na mtu," nikamjibu. Mwalimu wetu alipenda kusema hivyo, nami nilijiona hodari sana kulisema. Akaenda kupanga foleni ya sindano. Foleni hiyo iko nje, Alhamisi, mbele ya barabara ya kwenda sokoni, na kila anayepita anajua ni sindano ya nini.

Mume wake alikuwa mfanyabiashara, anapeleka bidhaa Salamabila kwa wachimba dhahabu na kukaa huko wiki nyingi. Kila mtu alitegemea ni yeye aliyeuleta ugonjwa. Hata mimi nilitegemea. Akaja kupimwa amekasirika, akatoa mkono, chembe zikabaki moshi laini. Nikamsomea kwamba yeye hana. Ee Mungu wangu, uso wake! Alikunja kile kikaratasi akakiweka mfuko wa kifuani, na naambiwa alikitembeza toka msikitini hadi sokoni. Mimba ikatoka mwezi wa tano. Nikampima mkewe tena baada ya sindano zote. Nilikuwa nazimua majimaji yale kwa maji ya chumvi, nusu kwa nusu, tena na tena, kuona yanaganda mpaka wapi. Kama dawa imefanya kazi, kiwango kinashuka. Chake hakikushuka hata kidogo. Na mimi, kwa kalamu nyekundu, kwenye kadi yake ya kliniki, nikaandika: ameambukizwa tena.

Mume alikuja kuuliza maana yake. "Yaani alipona, kisha akaenda kuitafuta ingine?" Nikasema ndivyo inavyoonekana. Talaka ilitoka wiki hiyohiyo.

Hata hapo, kwa watu wengi ilikuwa bado ni fununu ya ndoa, na mtaa una fununu nyingi. Mimi ndiye niliyeipeleka mahali ambapo ingemwua. Shangazi yangu alifariki. Tuko jikoni, wanawake kama sita, wifi yangu anasema mtu akimbie kumwita Mama Muoshaji. Vidole vyake siku zile vilikuwa na vidonda nchani, vidogo vidogo, havifungi. Nikasema, "Msimwite yule. Damu yake si safi." Sikutaja ugonjwa. Sikumchukia. Naapa kwamba niliwaza kuwakinga watu, maana mikono yenye vidonda na damu niliyoisoma mimi mwenyewe, niliona ni kazi yangu kusema. Wifi alishika mdomo. Waliokuwa wameona foleni ya Alhamisi wakaangaliana. Ijumaa watu walipotoka msikitini, hakuna mtaa wa Waislamu hapa mjini ambao haukujua.

Kuanzia hapo akawa anafika kwenye msiba na ndoo yake na vitambaa vyake vilivyofuliwa, anakuta ameitwa mwingine. Mara ya kwanza aliweka ndoo chini, akakaa nje na wafiwa wengine mpaka maiti ikatoka. Nilikuwepo. Nilisikia kutoka ndani maji yakimwagwa kwa haraka, baridi, na nilimwona yeye nje akiinua kiwiko kidogo, kisha akikirudisha pajani. Wakaleta chakula. Sahani za watu wanne wanne, mchele na samaki, na yeye akaletewa yake peke yake, pembeni. Alikula yote. Akaiosha sahani, akairudisha kwa wenyewe na kusema asante. Alikuja hivyo kwenye misiba mitatu. Kisha shemeji yake, ndugu wa yule mume, akaja kufunga nyumba kwa kufuli, na Mama Muoshaji akapanda pikipiki kwenda kwa mdogo wake Wamaza na ile ndoo mapajani.

Miaka ilipita. Siku moja alikuja daktari mwanamke kutoka Bukavu, kijana, ametumwa kwa muda mfupi kukagua maabara za huku. Nilimfungulia madaftari yangu kwa majivuno, maana mimi sikosi kuandika. Akapitisha kidole, akasimama kwenye mstari mmoja. Mtu yuleyule, kiwango kilekile, kabla ya sindano na baada ya sindano.

"Huyu mama ana nini kingine?"

Nikaanza kumtajia. Mimba nne zilizotoka. Maungo yanayouma. Mikono iliyokaza. Vidole vinavyokuwa vyeupe kwenye baridi. Nilivyokuwa nataja nikawa nasikia sauti yangu inapungua. Daktari alifunga daftari. "Na hakuna aliyefikiri?" akauliza, si kwa ukali. Nikasimama tu na koti langu jeupe.

Nikaenda Wamaza kuchukua damu mwenyewe, na kasha la barafu la chanjo mgongoni. Mama Muoshaji alikuwa amekonda, mdomo umekuwa mdogo, ngozi ya uso imevutwa. Nilimwambia ni vipimo vya mbali. Alivuta mkono wa gauni akasema, "Nyonya."

Damu ilipanda ndege mpaka Bukavu, na kutoka Bukavu ikavuka mpaka. Karatasi ilirudi baada ya miezi miwili. Daktari alinisomea kwenye simu na kunieleza polepole kama mwanafunzi, na nilistahili. Kulikuwa na orodha ya kingamwili, kila moja na jina lake, zinazoshambulia vitu vya ndani kabisa vya chembe za mwili. Mojawapo ilikuwa juu sana, na ndiyo ile inayopatikana kwa watu ambao ugonjwa wao hauna mlango mmoja: una kipande cha lupus, kipande cha ugonjwa wa kukaza ngozi, kipande cha ugonjwa wa misuli, vyote kwa mtu mmoja. Nyingine ilikuwa ile inayogandisha damu kwenye kondo la mimba, na hiyohiyo ndiyo iliyoidanganya kadi yangu. Chini kabisa kulikuwa na kipimo cha kuhakikisha kaswende. Hakuna. Wala dalili kwamba iliwahi kuwepo.

"Vidonge nitatuma," daktari alisema, "lakini kwa unavyonieleza anavyohema, kwa mapafu tumeshachelewa."

Hivyo nikaenda Wamaza, mara ya mwisho kumwona akiwa hai, nikiwa na vidonge na karatasi. Nilimkuta jikoni, amekaa karibu na moto, mikononi amevaa soksi za kuchezea mpira za watoto wa mdogo wake, moja nyekundu, moja ya kijani. Aliniona naziangalia. "Usicheke. Naingia timu mbili."

Alisema kwa vipande, anapumzika kati ya maneno. Nikamsomea karatasi yote, nikaieleza kama nilivyoelezwa. Alisikiliza huku anaangalia sufuria.

"Kwa hiyo hao askari wa damu walinipiga mimi mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Mikono, kifua, yote ni wao."

"Ni wao."

"Na watoto?"

"Na watoto pia."

Mke wa mdogo wake alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani, tukamsikia mpaka akamaliza. "Mimi nilijichunguza sana," akasema. "Nilizania labda ni choo ya sokoni. Labda ni maiti moja ilinipa. Nilizikumbuka zote, moja moja, nikauliza ni nani kati yenu. Niliwazania vibaya watu niliowaosha." Hapo machozi yalimtoka, mara ya kwanza kuyaona kwake, na alishindwa kuyafuta vizuri kwa ile soksi.

Nikapiga magoti kumwomba msamaha. Nikaanza kumwambia habari ya jikoni kwa shangazi, maneno niliyoyasema.

"Simama, unaniziba moto. Ile najua."

"Unajua?"

"Wifi yako alikuja kuniambia wiki ileile. Alinionea huruma."

Alikuwa anajua, basi. Alijua siku zote tatu alizokaa nje na sahani yake. Alijua nilipokuja na kasha la barafu, na bado alivuta mkono wa gauni. Nilitamani anitukane, anitupie hata kijiti cha moto. Akaniuliza tu, "Hii karatasi, nani ameisikia?"

"Daktari. Mimi. Sasa wewe."

"Basi bado."

Akavua soksi. Vidole vilikuwa vimebaki vifupi nchani, vyeusi kiasi. Akasema, "Weye ndiye utaniosha." Nikamwambia sijui kuosha, nilishika birika mara moja tu. "Nitakufundisha. Kuja." Akanyoosha mkono wake, akanifanya niushike, niugeuze, akanionyesha kiwango cha nguvu. Nilikuwa navuta sana. "Polepole. Mimi siko na haraka." Akanihoji kama mtoto wa chuo.

"Unaanza wapi?"

"Kuume."

"Unamwambia nani?"

"Nakwambia wewe. Kabla ya kukugeuza."

"Maji?"

"Ya uvuguvugu."

"Unapima na nini?"

Nikamwonyesha kiwiko changu. Akatikisa kichwa kwamba ni sawa, akahema, akangoja pumzi irudi.

"Na ukiona kitu mwilini?"

"Ninanyamaza."

"Ya watu wengine, ndiyo. Ya mama yako nilinyamaza." Kidonda kile, baada ya miaka yote, ndipo alipokigusa. "Yangu, hapana. Mimi yangu useme. Watu wakiwa wamekaa, useme kwa sauti, kama ulivyosema ile ya jikoni."

Nikamjibu ndiyo, nitaosha na nitasema. Maji sikuyafikisha, daraja lilinishinda. Hili lingine nimelisema nikizunguka kwa miguu, msiba kwa msiba, nikisimama mbele ya sahani za watu wanne wanne mpaka wengine wananikimbia, na hapa nalisema tena: Mama Muoshaji hakuwa na kaswende. Hakuwahi kuwa nayo.